Siku Kijiji Kizima Kilipoonja Karatasi

Baba yangu alikuwa mwanamke, na sikuona ajabu yoyote mpaka nilipofika kidato cha tatu. Kwetu, upande wa Butiama, jambo hilo lina jina lake: nyumba ntobu. Mwanamke akikosa mtoto wa kiume, au akifiwa na mume kabla nyumba haijapata wa kuirithi, anatoa ng'ombe wake mwenyewe na kuoa msichana. Msichana analetwa kwa vigelegele kama bibi harusi mwingine yeyote. Watoto atakaozaa ni wa yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Nani alipita pale kusaidia, hilo haliulizwi, na mwenye adabu zake halitaji.

Basi nilikuwa na mama, na nilikuwa na bibi, na huyo bibi ndiye aliyemwoa mama. Nilimwita bibi kwa sababu ya umri tu. Mwalimu wa shule ya msingi alipouliza baba yangu nani, nilimnyooshea yeye kidole, naye akaitika huku kiko kikiwa mdomoni. Darasani sikukosa wenzangu wa namna hiyo. Tulichapwa sawa na watoto wengine, wala hakuna aliyetuonea huruma.

Bibi alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na subira na mtu anayeongea polepole. Mama alizaa mara kadhaa, lakini niliyebaki hai ni mimi peke yangu, binti, kwa hiyo nyumba nzima ya marehemu mume wa bibi ilikuwa imesimama juu ya kichwa changu. Ungedhani angeharakisha kuniozesha, apate ng'ombe wa kuoa msichana mwingine wa kumzalia mrithi. Wapi. Nilipofaulu kwenda sekondari Musoma, alinifungia karanga kwenye kitambaa akasema, "Soma mpaka uchoke. Ukichoka utaniambia." Majirani walisema bibi amezeeka vibaya.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Tulikuwa tumekaa huku na huko vilimani, kila mtu na zizi lake, mbali kiasi cha kutosikia ugomvi wa jirani. Tukashushwa wote na kupangwa kwenye mistari iliyonyooka kama pamba shambani. Waliopima mistari ile walikuwa vijana hodari wenye kamba na vigingi, lakini hawakuuliza nani na nani hawafai kukaa jirani. Ndipo nyumba ya pili kutoka kwetu akapangiwa bwana mmoja ambaye zamani alikuwa akikaa ng'ambo ya kilima, na ambaye watu, wakimwona, walinitazama mimi kisha wakatazama pembeni.

Bwana huyo alipenda kofia na alipenda kusikilizwa. Alimsalimia mama kwa uchangamfu uliopita kiasi. Baadaye akaanza kusema kilabuni kwamba yule msichana anayesoma Musoma ni damu yake, na kwamba huko Bunda kuna mtu mwenye ng'ombe wengi anayetaka mke aliyesoma kidogo, si sana. Bibi aliposikia hakugombana naye. Aliacha tu kumsalimia, na kwetu kunyimwa salamu si jambo dogo.

Zamani maneno hayo yangekufa kilabuni. Lakini mwenyekiti wetu mpya wa kijiji alikuwa mtu wa mambo mapya, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na mkutanoni alishasema kuwa mila zinazorudisha watu nyuma zitafutwa. Aliposema hivyo alimwangalia bibi. Nilipokuja likizo nilimkuta bibi amekonda. Nilielewa bila kuambiwa. Mwenyekiti akikubali kwamba baba yangu ni yule bwana, mimi nitakwenda Bunda kuolewa, ng'ombe wataingia zizini kwake, na bibi atabaki na nyumba isiyo na mtu. Niliogopa kweli kweli. Nilikuwa nalala na sare za shule chini ya mto, sijui nilidhani zitanisaidia nini.

Hapo ndipo anapoingia mwalimu wetu wa baiolojia. Alikuwa mtu wa Tanga, mgeni kabisa wa mkoa wetu, mwembamba, suruali zake bugaluu zikifagia vumbi lote la Musoma. Ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, ulimshinda, samaki wa ziwani alisema hawana chumvi, lakini somo lake alilipenda mpaka likatuambukiza. Alikuwa anafundisha urithi: jinsi mtu anavyopata rangi, masikio, nywele na hata ladha ya ulimi kutoka kwa wazazi wake. Alikuja na vikaratasi vidogo kutoka chuo kikuu, vimelowekwa dawa fulani na kukaushwa. Ukiweka kimoja ulimini, ama utaona uchungu wa kutisha, ama hutaona kitu.

Siku ya kwanza alitugawia darasani. Rafiki yangu, binti wa mvuvi wa Kiriba, alitema mpaka machozi yakamtoka, akakimbilia bomba. Mimi nilingoja. Nilikitafuna, nikakigeuza, nikangoja tena. Karatasi tu. Nikadhani nina ugonjwa.

"Huna ugonjwa," mwalimu alisema. "Kutoonja umerithi kwa wazazi wako wawili, kila mmoja kakupa nusu. Mzazi anaweza kuonja mwenyewe, bado akabeba ile nusu ya kutoonja akakupa wewe. Je, baba yako anaonja?"

"Sijui, mwalimu. Nitamuuliza. Labda kiko kimemharibu ulimi."

Wasichana wa kwetu walicheka hadi wakalala juu ya madawati. Mwalimu naye akacheka ili asiachwe nyuma, maskini, bila kujua kinachochekesha.

Alikuwa na mpango mkubwa. Alitaka kujua kama watu wa sehemu mbalimbali wanatofautiana: wale wa ziwani, wale wa pamba, wale wa vilimani. Hakutaka kujua habari za mtu mmoja mmoja, alisema, alitaka kuona kundi zima linavyobeba urithi wake. Tulipitisha vikaratasi Musoma mjini, kuanzia mwaloni wanakoshushia samaki hadi Buhare. Halafu tukaenda Bunda, siku ya soko. Fundi cherehani mmoja, mstaarabu wa kofia ya kiua, aliweka karatasi ulimini, akafumba macho, akasema, "Mwalimu, hii kwinini," akaomba nyingine ampelekee mkewe mwenye homa. Mkulima wa pamba aliyekuwa nyuma yake hakuonja kitu. Alikasirika, akasema ndivyo mlivyo nyie wasomi, watu wa mjini mnawapa dawa na sisi wa shamba mnatupa makapi.

Mwisho ikawa zamu ya Butiama. Shule ilikuwa inaleta wanafunzi kuchuma pamba ya kijiji, elimu ya kujitegemea, na mwalimu akaona hapo ndipo pa kumalizia. Kijiji kilichochaguliwa kilikuwa chetu. Alifurahi kusikia nina ndugu pale, akasema nitamsaidia kutafsiri kwa wazee wasiojua Kiswahili. Mimi nilikuwa na furaha ya kupanda lori tu.

Tulikaa barazani pa ghala la pamba. Watu walikuja wengi kuliko mkutanoni, maana uvumi ulikuwa umetangulia. Wengine walisikia ni dawa ya malaria. Wengine walisikia serikali inawatafuta wanywaji wa gongo, kwamba aliyekunywa ataona uchungu, na hao walikuja wamesukutua kwa maji ya limao. Bibi alikuja pia. Alikaa juu ya gunia, akawasha kiko, na kila nilipompelekea karatasi alisema, "Kinywa changu hakina kazi na karatasi za watu." Mama alionja. Alitema papo hapo na kufuta ulimi kwa pindo la kanga.

Mwalimu akaona aeleze kazi hiyo ni ya nini, ili watu wasiogope. Akatafuta mfano utakaoeleweka, na alichochagua, kwa bahati mbaya, ni ng'ombe. Akasema dume akiwa na alama, mnaweza kuikuta kwa ndama. Akasema na binadamu ni hivyo hivyo, na ulimi huu ni alama mojawapo. Kwa mwalimu ule ulikuwa mfano. Kwa watu wa kwetu ng'ombe si mfano, ng'ombe ni mambo yenyewe. Wazee waliokuwa wanasinzia walikaa vizuri. Kabla hajamaliza, kijiji kizima kilikuwa kimeshaelewa kwamba karatasi ya serikali inamtaja baba wa mtoto.

Utaona jinsi jambo hilo lilivyotikisa kijiji chenye nyumba ntobu katika kila mstari. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walikumbuka wameacha chungu motoni. Mzee mmoja akasema afya yake hairuhusu. Nami nilimwona yule bwana mwenye kofia anapita katikati ya watu, hana haya hana vibaya, akamnyooshea mwalimu ulimi. Alitafuna. Akatabasamu.

"Kwangu haina kitu," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi wetu, unaionaje?"

Aliyejibu ni yule rafiki yangu wa Kiriba, aliyekuwa anagawa vikaratasi, na alijibu kwa fahari ya kunisifia. "Huyu haonji kabisa. Darasani tunamwitaga ulimi wa mbao."

"Mmesikia," yule bwana aliwaambia watu. "Mama yake ametema mbele yenu. Mtoto haonji, na mimi sionji. Sasa dume limejulikana."

Mzee mmoja alinguruma kwamba ndama ni wa mwenye zizi, tangu lini mwenye dume akadai ndama. Wengi waliitikia. Lakini mwenyekiti aliinua kalamu yake akasema, "Ndugu zangu, hayo ni ya zamani. Hapa imezungumza sayansi."

Mwalimu ndipo alipotambua alichokifanya. Alisimama. "Ndugu mwenyekiti, haiko hivyo. Wasioonja ni wengi mno. Tangu asubuhi tumewapata hapa wengi tu, hatuwezi kusema wote ni baba zake."

Watu walicheka. Mwalimu alikuwa anasema kweli tupu. Mimi mwenyewe nilikuja kufundisha somo hilo hilo miaka mingi, na kila mwaka niliwaeleza wanafunzi kwamba alama inayobebwa na watu wengi namna hiyo haiwezi kumtaja baba. Lakini siku ile sikujua kuitetea hoja hiyo.

"Hao wengine hawadai," yule bwana alisema. "Mimi nadai."

"Kwetu Tanga tunasema kitanda hakizai haramu," mwalimu alijaribu tena.

"Hata sisi tunakubali," alisema mwenyekiti. "Ila kitanda cha kwenu kina mwanamume. Hiki cha hapa kina wanawake wawili." Akamgeukia mama. "Dada, baba wa mtoto huyu ni nani?"

Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zote aliongea akiangalia chini. Siku hiyo aliangalia mbele. "Mimi niliolewa na huyu," alisema, akimwonyesha bibi. Sikuwahi kumuuliza zaidi ya hapo maishani mwangu.

Mwenyekiti alifikiri. Naamini alitaka kutenda haki, ila haki ilikuwa mpya mikononi mwake na hakujua ishikwe wapi. "Sawa," alisema hatimaye. "Wanaodai ni wawili. Mmoja ameonja, na mwingine aonje. Kama kwake ni chungu kama kwa mama wa mtoto, basi mambo yamejieleza, na mtoto atakwenda kwa huyu bwana. Mama, uko tayari?"

Niliona giza. Ukoo wa bibi wote uliopita pale asubuhi ulikuwa umetema: dada yake, wapwa zake, kila mtu. Nilikuwa nimejifunza urithi kiasi cha kutosha kujua hatari hiyo, na nilichukia kwamba nimejifunza. Nilitaka kusema asionje, akatae, aondoke zake.

Bibi alikung'uta kiko chake kwenye ukingo wa baraza. Aliinuka polepole, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaja mezani. Hakumwangalia yule bwana wala mwenyekiti. Alichukua karatasi mwenyewe kutoka mkononi mwa mwalimu, akaiweka ulimini, akafumba mdomo.

Akatafuna. Alitafuna kama mtu anayekula nyama ya shingo, bila haraka, huku kila mtu akimkodolea macho usoni akingoja akunje hata kope. Uso wake ulikuwa ule ule anaokuwaga nao akipepeta mtama. Kisha akameza. Hakuna mtu aliyekuwa amemeza siku nzima, hata sisi tusioonja tulitema.

"Mwalimu," alisema, "mbona ni karatasi tu?"

Watu walianza kuguna. Mwalimu alimwangalia. Bibi naye akageuza macho akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama na kopo la vikaratasi, machozi yananitiririka, sijui kama tumeshinda au tumeshindwa. Aliniangalia kidogo tu. Akanyoosha mkono, akachota karatasi ya pili kutoka kwenye kopo langu.

"Hebu niongeze," alisema. "Isije ikawa ile ilikuwa imeharibika."

Akaiweka mdomoni, akaitafuna kwa utaratibu ule ule, akameza. "Hata hii," alisema.

Hapo ndipo kijiji kilipoangua kicheko. Yule mzee wa zizi alipiga fimbo chini akasema leo dume limepatikana na linavuta kiko. Yule bwana alianza kusema kuwa mwanamke hawezi, lakini mwenyekiti alimkatiza kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Bwana, wewe ndiye uliyesema karatasi inaonyesha. Sasa kama imekuonyesha wewe, imemwonyesha na yeye. Wote wawili hamwonji. Karatasi imeshindwa kuamua, na mimi siwezi kuamua zaidi ya karatasi. Mtoto abaki alipo." Akachomeka kalamu mfukoni. Yule bwana alivaa kofia yake na kuondoka, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakumuaga mtu.

Mwalimu alimhesabu bibi pamoja na wasioonja. Alifanya hivyo bila kuniangalia, na hakuwahi kunizungumzia jambo hilo mpaka alipohamishwa. Kwa hiyo kama kuna mahali hesabu zake zimehifadhiwa, zile za Butiama zimezidi kwa mtu mmoja upande wa ndimi za mbao. Naomba wataalamu watusamehe.

Lori lilikuwa bado linapakia pamba, nikaruhusiwa kumsindikiza bibi nyumbani. Alitembea katikati ya mistari ile ya nyumba akiwa amenyooka, akiitikia shikamoo za kila mtu: marahaba, marahaba. Alimuuliza mama mmoja habari za mguu wake. Alisimama akasifia mbuzi wa mtu. Nilikuwa nyuma yake, mwepesi kwa furaha, nikijiambia kumbe na bibi naye haonji, kumbe tumefanana.

Tulipoingia ndani alisukuma mlango ukajifunga, akaegemea ukuta, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alinyoosha mkono, na nikaelewa ni maji ya kunywa anataka. Nilichota kata mtungini. Alisukutua, akatema sakafuni ambako yeye mwenyewe alinikataza kutema maisha yangu yote, akasukutua tena, akatema tena.

"Bibi," nilisema, "kumbe ilikuwa chungu?"

"Ilikuwa ya kuua mtu." Alinirudishia kata. "Sijawahigi kula kitu kama kile. Lete mengine."

Nilimletea mengine. Nikachuchumaa mbele yake, nikimfuta kidevu. "Sasa mbona ulichukua na ya pili? Walikuwa wameshaamini."

Alikunywa kwanza. "Wao walikuwa wameamini," alisema. "Nilipokuangalia wewe, nikaona bado."